Kabla Hujalipa Nauli: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Mji wa Pwani kwa Likizo ya Familia

Saa saba mchana. Mtoto wa miaka minne amechoka, mchanga umemjaa hadi masikioni, chupa ya maji imekwisha, kofia imesahaulika nyumbani. Saa hiyo hakuna anayejali tena rangi za nyumba wala uzuri wa machweo. Kinachotakiwa ni kujua kutoka hapo hadi kitandani ni mwendo gani, na njiani kuna kivuli au hakuna.

Familia nyingi huchagua mji wa pwani kwa kutazama picha. Mimi nimefanya hivyo, na tukajikuta kwenye nyumba yenye mandhari ya ajabu iliyokuwa juu ya ngazi mia moja na ushee. Siku ya tatu watoto walikataa kwenda baharini. Hawakuwa wameichukia bahari. Walikuwa wanaogopa kurudi. Tangu siku hiyo nachagua mji kwa pembetatu moja: kitanda, kivuli na maji. Pembe hizo tatu zikikaribiana, karibu kila kitu kingine huwa kinavumilika.

Kukaribiana huko mara nyingi huenda pamoja na haiba. Miji ya pwani tunayoipenda kwa macho, yenye vichochoro, gati dogo na uwanja wa kukutania, mingi ilijengwa kabla ya magari, na watu wa mahali hapo walihitaji kufika kila pahali kwa miguu. Kwa hiyo unapotafuta mji unaofaa mtoto, unautafuta pia mji unaopendeza. Tatizo ni kwamba vichochoro hivyo hivyo vina ngazi, mawe ya kuteleza na njia zisizopitisha kigari cha mtoto. Ndiyo maana kazi inahitaji hatua.

Hatua ya 1: Andikeni siku moja, saa kwa saa

Kabla ya kufungua ramani, kaeni pamoja na karatasi. Andikeni siku moja ya kawaida ya likizo kuanzia kuamka hadi kulala, kwa kila mmoja. Mtoto mchanga analala mara mbili kwa siku, kwa hiyo mtu mmoja atarudi nyumbani mara mbili. Mtoto wa miaka minane anataka kuchimba, kujenga na kukamata vitu vinavyotambaa. Kijana wa miaka kumi na minne hahitaji mchanga, anahitaji mji ambao mnaweza kumruhusu azunguke peke yake jioni bila nyinyi kukosa usingizi. Bibi anataka benchi kwenye kivuli mahali anapowaona wajukuu, na choo kisichokuwa mbali. Waulizeni wao wenyewe, msiwakisie.

Kisha chagueni mambo ya lazima, yasizidi matatu. Nasisitiza yasizidi matatu, kwa sababu orodha ya mambo kumi ya lazima haina mji wowote duniani, na mtaishia kuchagua kwa picha kama kawaida. Kwa familia yenye watoto wadogo ningeweka: maji ya kina kifupi yenye mawimbi madogo, nyumba isiyozidi dakika kumi kwa mwendo wa mtoto, na kivuli ufuoni. Mwendo wa mtoto si mwendo wa mtu mzima. Safari inayosemwa kuwa ya dakika tano, zidisha mara mbili na nusu.

Hatua ya 2: Mwezi kwanza, mji baadaye

Likizo za shule huwa zimekwisha pangwa, lakini hata ndani yake kuna wiki bora na wiki mbaya. Kiangazi cha kaskazini ya dunia ni Juni hadi Agosti, cha kusini ni Desemba hadi Februari, lakini bahari haifuati kalenda hiyo moja kwa moja. Maji hupata joto taratibu na kulipoteza taratibu. Sehemu nyingi za kaskazini bahari huwa na joto zaidi mwezi Agosti na mwanzo wa Septemba kuliko Juni, ingawa jua la Juni ndilo lililo juu zaidi. Wenye watoto ambao hawajaanza shule wana bahati kubwa hapa: mwanzo wa Septemba maji bado yana joto, umati umepungua na bei zimeshuka.

Halafu angalieni hali ya hewa ya hatari. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kwisha 30 Novemba, na kilele chake ni katikati ya Septemba, kwa hiyo kisiwa cha Karibi mwezi Septemba ni kamari, hata kama bei yake inavutia. Goa, pwani ya magharibi ya India, hunyeshewa na masika makubwa Juni hadi Septemba na bahari yake huchafuka. Bahari ya Aegean nchini Ugiriki hupigwa na upepo mkavu wa kaskazini uitwao meltemi mwezi Julai na Agosti. Upepo huo hupoza joto, lakini unaweza kusimamisha feri na kuujaza mchanga uso wa mtoto siku nzima. Kwenye kisiwa cha aina hiyo tafuteni mji ulio upande wa kusini, uliojificha nyuma ya mlima.

Hatua ya 3: Yajueni maji yenyewe

Hapa ndipo ningetumia nusu ya muda wote wa kupanga. Hoteli mbaya inabadilishika, lakini bahari isiyowafaa mtakuwa nayo hadi siku ya kuondoka.

Anzeni na joto la maji, maana jua kali halimaanishi maji ya vuguvugu. Pwani ya magharibi ya Ureno ina jua zuri mwezi Julai, lakini upepo husukuma maji ya juu mbali na nchi kavu na maji baridi ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake. Jambo hilo hilo hutokea California. Mfano ninaoupenda zaidi ni Cape Town, Afrika Kusini. Ufuo wa Camps Bay, upande wa Atlantiki, una maji ambayo kiangazini mara nyingi hayafiki nyuzi 15 za Selsiasi. Ukivuka rasi hadi Muizenberg, upande wa False Bay, maji yana nyuzi kadhaa zaidi, hayana kina kirefu, na mawimbi yake marefu ya taratibu hufundishia watoto kuteleza kwa ubao. Ni jiji moja na siku ile ile, ila bahari ni mbili. Kwa watoto wadogo, maji ya chini ya nyuzi 20 yana maana ya dakika chache majini na midomo ya rangi ya zambarau. Tovuti nyingi za hali ya hewa hutoa wastani wa joto la bahari kwa kila mwezi. Usilichanganye na joto la hewa.

Kisha mteremko wa ufuo. Nice nchini Ufaransa na Brighton nchini Uingereza ni miji ya kupendeza, lakini fuo zake ni za kokoto na sakafu ya bahari hushuka ghafla, kiasi kwamba hatua chache tu humfikisha mtu mzima kifuani. Rimini nchini Italia, kwenye Bahari ya Adriatiki, ni kinyume chake. Ni mchanga mtupu kwa kilomita karibu 15, na unatembea mbali sana kabla maji hayajafika kiunoni. Utajuaje ukiwa nyumbani? Tafuta picha za watu wa kawaida, si za wapiga picha wa kazi, kisha angalia mtu mzima aliyesimama mbali na ufuo: maji yanamfika wapi? Picha za setilaiti nazo husema. Rangi ya maji ikibadilika kuwa nyeusi karibu kabisa na mchanga, hapo pana kina.

Kupwa na kujaa ndilo jambo linalosahaulika kuliko yote. Sehemu nyingi za Mediterania tofauti kati ya maji kujaa na kupwa ni makumi machache ya sentimita, huenda hata usiitambue. Kwingine inabadilisha mji mzima. Ghuba ya Fundy nchini Kanada ina tofauti inayoweza kufika mita 16. Weston-super-Mare nchini Uingereza, maji yakipwa bahari hurudi nyuma zaidi ya kilomita moja na kuacha tope linalonasa miguu, na familia iliyotarajia kuogelea saa nane mchana hubaki inatazama uwanda wa matope. Kwa upande mwingine, Saint-Malo nchini Ufaransa, ambako tofauti hupita mita 12, watu wa mji walijenga bwawa la ukuta kwenye ufuo wa Bon-Secours. Maji yakipwa, bahari huondoka na bwawa hubaki limejaa. Kwa mtoto, mji kama huo ni hazina: asubuhi anaogelea, mchana anatembea kwa miguu hadi kisiwa ambacho asubuhi kilizungukwa na maji. Ila lazima mzazi ajue saa ya kurudi.

Jizoezeni kusoma jedwali la maji. Kati ya kujaa kumoja na kwingine hupita takriban saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku kujaa husogea mbele kwa dakika kama 50. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa wingi zaidi, huja karibu na mwezi mchanga na mwezi mpevu, na maji mafu, yenye tofauti ndogo, huja katikati yake. Katika mji mmoja, bamvua hujaa karibu saa zile zile za siku kila mara. Maana yake unaweza kujua mapema kama wiki yenu itakuwa na maji mchana au itakuwa na tope mchana. Nimewahi kusogeza likizo kwa wiki moja kwa sababu hiyo tu, na hakuna uamuzi wa safari niliofurahia zaidi.

Sasa mikondo, na hapa naomba msome polepole. Kwenye fuo zenye mawimbi, maji yanayosukumwa nchi kavu hutafuta njia ya kurudi, na huipata kwenye mfereji mwembamba unaokimbia kuelekea kilindini, wakati mwingine kwa kasi ya mita mbili na zaidi kwa sekunde. Hakuna muogeleaji anayeshindana na kasi hiyo. Hatari yake kubwa ni kwamba mahali hapo huonekana patulivu: mawimbi yanavunjika kushoto na kulia, katikati pametulia. Mzazi asiyejua humpeleka mtoto pale pale. Anayekokotwa asipigane na maji kurudi moja kwa moja. Aelee, apunge mkono na kupiga kelele, na akiweza aogelee sambamba na ufuo hadi atoke kwenye mfereji. Wafundisheni watoto hili mezani, kabla ya safari.

Kwa hiyo sharti langu lisilojadiliwa ni ufuo wenye waokoaji katika wiki mtakayokuwepo. Sisemi “katika msimu”, nasema katika wiki hiyo na saa hizo, kwa sababu fuo nyingi huwa na waokoaji kwa miezi michache tu. Jifunzeni pia bendera. Katika nchi nyingi bendera yenye nyekundu juu na njano chini huonyesha eneo linalolindwa, na mnaogelea kati ya bendera mbili za aina hiyo. Nyekundu tupu ni kutoingia majini. Nyekundu na nyeupe… hapana, msikariri zote. Hutofautiana kwa nchi, someni ubao wa pale pale. Ila moja ikumbukeni: mfuko wa upepo wa rangi ya chungwa unaashiria upepo utokao barani kwenda baharini. Ukiuona, maboya ya kujazwa upepo yabaki mchangani. Mtoto juu ya boya huondoka na upepo huo haraka kuliko baba anavyoogelea.

Usafi wa maji una vyeti vyake. Bendera ya Buluu ilianzia Ufaransa mwaka 1985 na sasa hutolewa katika nchi nyingi kwa fuo zinazotimiza masharti ya ubora wa maji, usalama na utunzaji wa mazingira. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka 2006, hupanga maji ya kuogelea katika madaraja manne kuanzia bora sana hadi duni, na matokeo yako wazi mtandaoni. Ni ishara nzuri, si dhamana. Mvua kubwa ikinyesha, maji machafu ya mji na ya mito huishia baharini, na ni busara kukaa nje ya maji siku moja hadi tatu, hasa karibu na mdomo wa mto.

Na viumbe. Kaskazini mwa Queensland, Australia, kiangazi ndio msimu wa yavuyavu wenye sumu ya kuua, na watu huogelea ndani ya nyavu maalumu. Pwani za Karibi zimekuwa zikijazwa na mwani wa sargassum tangu 2011, baadhi ya miaka kwa wingi unaonuka. Muizenberg niliyoitaja ina watazamaji wanaokaa mlimani na kupandisha bendera wakiona papa. Hakuna sababu ya kuogopa kila kitu. Uliza tu: mwezi huu, pwani hii, kuna nini majini?

Hatua ya 4: Tembeeni juu ya ramani

Sasa mna miji mitano au sita. Fungueni ramani ya mtandaoni, wekeni alama kwenye nyumba, ufuo, duka la vyakula, duka la dawa na uwanja wa kucheza. Pimeni njia ya miguu, kisha tazameni picha za barabarani mtaa kwa mtaa. Kuna njia ya waenda kwa miguu au mtasukuma kigari kati ya malori? Kuna barabara kuu au reli kati ya mji na maji? Kuna mti hata mmoja?

Ramani bapa hudanganya kuhusu miinuko, basi washeni mistari ya mwinuko. Whitby, mji wa wavuvi kaskazini mwa Uingereza, una ngazi 199 zinazopanda kwenda kanisani na kwenye magofu ya abasia, makao ya kale ya watawa. Kuzipanda mara moja wakati wa machweo ni kumbukumbu ya maisha, ila kwa nyumba ya kurudi mara tatu kwa siku ni adhabu. Nazaré nchini Ureno ina mji wa chini na mji wa juu, na treni ya kupanda kilima imeiunganisha tangu 1889. Upande mmoja wa rasi ya mji huo ni ufuo wa Praia do Norte, ambako mwaka 2020 Sebastian Steudtner aliteleza juu ya wimbi la mita 26. Jina la mji pekee halikwambii utalala upande gani.

Angalieni pia kama mji unaoitwa wa pwani uko pwani kweli. Hoi An nchini Vietnam ni mji wa kale uliopendeza mno, lakini uko kando ya mto, na ufuo wa An Bang uko kilomita kadhaa mbali. Piran nchini Slovenia umezungukwa na bahari pande tatu, ila kuogelea ni kutoka kwenye mawe na saruji. Mchanga uko Portorož, mji wa jirani. Hydra nchini Ugiriki hauruhusu magari ya watu binafsi, mizigo hubebwa na punda, na watu hujitupa majini kutoka miambani. Vijana wataupenda, lakini mtoto wa miaka miwili hatakuwa na pa kuchimba.

Hatua ya 5: Haiba, na namna ya kuitambua

Haiba si mapambo. Mji una haiba pale watu wanapoishi maisha yao wenyewe na wewe unakaribishwa kuyatazama. Dalili zake zinaonekana hata kwa mbali. Gati lina mashua za uvuvi zinazotoka kweli, au ni za picha? Mji una shule? Duka la mikate linafunguliwa wakati wa baridi? Tafuta tovuti ya halmashauri au gazeti la mji. Wenyeji wakibishana huko kuhusu maegesho, timu ya soka na taa za barabarani, huo ni mji ulio hai.

St Ives, kusini-magharibi mwa Uingereza, unafundisha mengi. Treni ndogo kutoka St Erth hukushusha juu kidogo ya ufuo wa Porthminster, uliokingwa na mawimbi, unaofaa watoto. Upande wa pili wa mji, mwendo mfupi tu, kuna Porthmeor unaotazama Atlantiki, wenye mawimbi ya vijana, na juu yake jumba la sanaa la Tate lililofunguliwa 1993 kwa ajili ya siku za mvua. Kati ya fuo hizo kuna bandari na vichochoro. Familia yenye watoto wa umri tofauti inapata kila kitu kwa miguu. Lakini uzuri huo umekuwa mzigo kwa wenyeji: mwaka 2016 walipiga kura kwamba nyumba mpya zijengwe kwa ajili ya wakazi wa kudumu tu, kwa sababu nyumba za likizo zilikuwa zinawasukuma nje. Mwezi Agosti vichochoro vyake hujaa kiasi cha kutopitika. Mji ukipoteza watu wake, haiba unayoifuata huondoka nao.

Kwa hiyo nina mbinu moja ninayoiamini kuliko zote: laleni mji wa jirani. Vijiji vitano vya Cinque Terre nchini Italia vinavutia umati mkubwa, na ni Monterosso pekee yenye ufuo mpana wa mchanga. Kituo kinachofuata kwa treni ni Levanto, mji wa kawaida wenye ghuba yake na wakazi wake. Unalala kwa utulivu, unafika kwenye vijiji asubuhi mapema, unarudi umati unapowasili. Karibu kila mji maarufu wa pwani una jirani yake wa namna hiyo. Mtafute kwenye ramani ya reli au ya basi.

Hatua ya 6: Nyumba, na barua kwa mwenye nyumba

Maelezo ya tangazo yana lugha yake. “Hatua chache kutoka baharini” hayasemi ni hatua za ngazi au za tambarare. “Mandhari ya bahari” mara nyingi humaanisha kilima. “Katikati ya burudani” maana yake muziki hadi alfajiri. Someni maoni ya wageni waliokaa mwezi ule ule mtakaokwenda, mkitafuta maneno kama ngazi, kelele, mbu na maegesho. Kisha andikeni moja kwa moja:

“Habari za leo. Tunatarajia kuja na watoto wawili, wa miaka mitatu na tisa, pamoja na mama yangu ambaye hawezi kupanda ngazi nyingi. Tafadhali tusaidie kujua: kuna ngazi ngapi kutoka barabarani hadi mlangoni? Roshani ina ukingo wa urefu gani, na mtoto anaweza kupenya? Chumba cha watoto kinatazama barabara au ua? Je, mchana jua linapiga madirisha yapi, na kuna feni au kiyoyozi? Wewe mwenyewe ungempeleka mtoto wa miaka mitatu ufuo upi? Tunashukuru sana.”

Swali la mwisho ndilo la thamani. Mwenye nyumba anayejua mji wake atakujibu kwa jina la ufuo, upande wa kukaa na saa ya kwenda. Asiyejibu, au anayejibu kwa sifa za jumla, amekwambia jambo pia.

Hatua ya 7: Njia, mvua na mgonjwa

Hesabuni safari kutoka mlango hadi mlango. Kinachoumiza watoto ni kipande cha mwisho: baada ya ndege kuna basi, baada ya basi kuna feri, baada ya feri kuna kilima. Wenye watoto chini ya miaka mitano wapunguze vipande viwe viwili.

Kwa kila mji ulioko kwenye orodha, taja mambo mawili ya kufanya mvua ikinyesha, yanayofikika bila gari. Ukikosa, uondoe mji huo, labda kama ni pwani ambayo kiangazi chake hakina mvua. Angalia pia zahanati ya karibu inafunguliwa saa ngapi na hospitali yenye huduma za watoto iko mbali kiasi gani. Dakika arobaini zinavumilika. Kisiwa chenye feri moja kwa siku kinahitaji kufikiriwa upya kama mna mtoto mwenye pumu au mzio mkali.

Hatua ya 8: Pesa zisizoonekana kwenye tangazo

Bei ya nyumba si bei ya likizo. Ongezeni ada ya usafi, kodi ya utalii inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku katika miji mingi, maegesho, na kuingia ufuoni kwenyewe. Sehemu kubwa ya fuo za Italia imegawanywa kwa wenye leseni wanaokodisha mwavuli na vitanda, na kipande cha bure huwa kidogo na hujaa mapema. Cape May, mji wa nyumba za kale za mbao huko New Jersey, Marekani, hudai kibali cha ufuo kiangazini kwa kila mwenye miaka 12 na zaidi. Zidisheni kwa watu na kwa siku kabla hamjalinganisha. Mara nyingi nyumba ghali kidogo iliyo karibu na maji hushinda ile ya bei nafuu inayohitaji gari, maegesho na mwavuli wa kukodi.

Jiko ni akiba kubwa, lakini muwe wakweli kuhusu nani atapika. Likizo ambayo mama anapika mara tatu kwa siku akitazama bahari dirishani si likizo yake.

Hatua ya 9: Jaribio la Jumanne

Bakizeni miji mitatu. Kwa kila mmoja, chukueni Jumanne moja ya wiki mtakayokuwepo na muisimulie kwa sauti, mbele ya watoto, mkitumia ramani, jedwali la maji na ile siku mliyoandika mwanzo. “Saa moja tunaamka. Duka la mikate liko dakika nne. Saa tatu tunashuka ufuoni, maji yanajaa. Saa nne na nusu jua linakuwa kali, tunahamia…” Tunahamia wapi? Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni ndipo miale ya jua huwa na nguvu zaidi, na Shirika la Afya Duniani hushauri kujikinga kipimo cha miale (UV Index) kikifika 3. Mchanga mkavu huakisi sehemu ya miale hiyo, kwa hiyo hata chini ya mwavuli ngozi hupata kiasi. Kama simulizi ikikwama hapo kwa kukosa kivuli, mmegundua kasoro ya mji huo bila kutumia senti.

Simulizi moja kati ya tatu itatiririka kuliko nyingine, na watoto wataanza kuingiza mambo yao ndani yake. Wekeni nafasi hapo. Chagueni masharti yanayoruhusu kughairi hata yakiwa ghali kidogo, kwa sababu watoto huugua wiki ya safari.

Hatua ya 10: Saa ya kwanza mkifika

Msifungue masanduku. Nendeni ufuoni wote, na viatu vyenu vya safari, mkasome ubao wa maelezo pamoja na watoto. Mtafuteni mwokoaji, msalimieni, muulizeni leo ni wapi pa kuepuka. Chagueni kitu kirefu kisichohama, mnara wa taa au kibanda chenye rangi, kiwe mahali pa kukutana mtu akipotea. Andikeni namba ya simu mkononi mwa mdogo kwa kalamu isiyofutika, na mjue namba ya dharura ya nchi hiyo: 112 kote Umoja wa Ulaya, 911 Marekani na Kanada, 000 Australia. Kubalianeni nani anatazama maji na kwa zamu gani. Anayetazama hashiki simu, na zamu haikwishi mpaka mwingine aseme kwa mdomo, “Nimepokea.”

Baada ya hapo wavueni watoto viatu.